Uliza Ujibiwe: Nimepata UDSM, nitakuta nini huko?

SWALI: Shikamoo anti. Nimemaliza form six, nimechaguliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ila huku kwetu kila mtu anasema lake, mara chuo kipo baharini kabisa, mara wanadisko, yaani wanafukuzwa kwa kufeli, nusu ya darasa. Naomba nieleze kilivyo na pa kulala inakuaje. – Msomaji, Sumbawanga

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera! Kwanza kaangalie tena umepangiwa wapi, maana Mkwawa ni chuo kishiriki cha UDSM lakini kipo Iringa, na DUCE, chuo kishiriki cha elimu, nayo ipo Chang'ombe, usije ukashuka na begi lako Mlimani, kampasi kuu, bure. Kama ni kampasi kuu, basi la mkoa litakushusha Mbezi, unachukua daladala, ukifika Ubungo umeshakaribia.

Baharini hapana, ni mlima kweli, kama kilomita 13 toka Posta, katikati ya jiji. Wanaosoma bahari ndo wana taasisi yao Zanzibar. We utatembea: hosteli hadi kumbi za Yombo kwenye vipindi, kupanda kushuka na lile joto la Dar, viatu vya kubana acha nyumbani.

Kilianza 1961 na vijana wachache wa sheria kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, 1964 kikahamia mlimani, 1970 kikawa chuo kikuu kamili. Kina Museveni, Kikwete na Magufuli wamepita hapo, Walter Rodney, yule mwanahistoria wa Guyana, kafundisha hapo. Ile noti ya 500 unaikumbuka? Jengo la nyuma ni Nkrumah Hall, utaliona laivu. Maktaba mpya ya 2018 waliyojenga Wachina ni kubwa balaa, wahi tu kipindi cha UE, mitihani ya mwisho wa muhula.

Sasa kulala, hapo ndo pagumu. Hosteli za Magufuli zilifunguliwa 2017 zikabeba watu 3,840 na bado vyumba havitoshi, Mabibo nayo ipo nje ya kampasi so kuna nauli. Omba chumba mfumo ukifunguliwa tu, usisubiri kesho. Ukikosa utapanga Changanyikeni au Makongo, wengine wanabebana kitanda kimoja hosteli (mimi sijakutuma!). Na bumu, hela ya mkopo wa wanafunzi, usilitegemee wiki za mwanzo, njoo na hela ya kula.

Kudisko kupo, ila nusu ya darasa ni chumvi ya mtaani, wengi huanzia kwenye sup, mitihani ya marudio, walizozidharau. Vyeti orijino usisahau, hata cha kuzaliwa.