Maswali ya Wasomaji: Gari la Zamani Lililosimama Miaka Mingi

SWALI: Ndugu Mhariri, marehemu baba yetu alituachia Peugeot 504 ya mwaka 1976, ya petroli na yenye kabureta, ambayo haijawashwa kwa miaka 14. Muda wote huo ilikuwa bandani, na kwa nje bado inapendeza. Mdogo wangu anashauri tununue betri mpya, tuongeze petroli, kisha tuifunge kamba na kuivuta kwa gari jingine hadi iwake. Mimi nasita. Je, kuna ubaya gani kufanya hivyo?

JIBU: Ndugu msomaji, umefanya vyema kusita, kwa sababu kuivuta ndiyo njia ya haraka zaidi ya kuiharibu injini ambayo huenda ingali nzima. Injini inapokaa bila kuzunguka, oili huchuruzika kutoka kwenye kuta za silinda hadi zikabaki kavu, unyevu wa hewa hupenya kupitia valvu zilizosimama zikiwa wazi, na kutu huota mahali ambapo ringi za pistoni zimegusana na chuma. Mkiivuta, nguvu za magurudumu zitazing'oa ringi zilizonata, na aliyeshika usukani hatakuwa na namna ya kuhisi kwamba kuna kitu kimekwama. Ringi zikivunjika au silinda zikichubuka, mtalazimika kufumua injini nzima.

Anzeni kwa kufungua plagi zote 4 na kumimina oili nyepesi kidogo ndani ya kila silinda, kisha muiache kwa siku moja au zaidi. Baada ya hapo, gia ikiwa huru na plagi zikiwa bado nje, zungusheni injini kwa mkono, taratibu, kwa spana iliyoshika nati ya puli ya kranki. Ikikataa, msiilazimishe kwa spana ndefu zaidi. Ongezeni oili ya kulegeza kutu na mngoje tena, hata kwa wiki nzima.

Injini ya 504 ina jambo lake ambalo mafundi wengi vijana hawakulikuta kazini. Silinda zake ni slivu, yaani mirija ya chuma iliyopachikwa ndani ya injini, zinazozungukwa na maji moja kwa moja, na chini ya kila slivu kuna sili inayozuia maji yasiingie kwenye oili. Sili hizo zinaweza kukauka na kupoteza uwezo wake gari linaposimama muda mrefu. Kwa hiyo, kabla ya kumwaga oili ya zamani, jazeni maji kwenye rejeta na muyaache usiku kucha, kisha legezeni boliti ya kumwagia oili polepole sana. Maji ni mazito kuliko oili, hivyo kama yamepenya yatatangulia kutoka, nanyi mtajua tatizo kabla halijala beringi. Kama hayakutoka, mwageni oili yote, badilisheni filta, wekeni oili mpya, na baadaye mbadilishe yale maji kwa kipozeo chenye dawa ya kuzuia kutu.

Petroli huanza kuharibika ndani ya miezi michache. Iliyokaa miaka 14 hugeuka utomvu unaonata kwenye tangi, kwenye mabomba na kwenye jeti (vitundu vyembamba vya kupitisha petroli) za kabureta, na ukimimina petroli mpya juu yake unaulegeza tu uchafu huo ili usafiri hadi kwenye injini. Tangi lishushwe, lioshwe na kukaguliwa kama lina kutu. Kabureta ifunguliwe na kusafishwa. Filta na mipira yote ya mafuta ibadilishwe hata kama inaonekana mizima, kwa kuwa mpira uliopasuka ukidondosha petroli karibu na ekzosi ya moto unaweza kuliteketeza gari lote. Mtungi wa kuzimia moto uwe karibu siku zote za kazi hii.

Sasa breki, ambazo naziweka mbele ya injini kwa umuhimu, na kama fedha hazitoshi kwa vyote viwili, basi injini ndiyo isubiri. Mafuta ya breki ya kawaida hufyonza unyevu, na unyevu huo huzilisha kutu master silinda (ile inayosukumwa na pedali), silinda za magurudumu na mabomba ya chuma kutoka ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Mipira ya breki nayo huvimba kwa ndani na kuziba, hata pedali ikawa ngumu na ya kuridhisha huku gurudumu halishikwi, au likashikwa na lisiachiliwe. Badilisheni mipira yote, fungueni silinda zote, mwageni mafuta yote ya zamani, na mtoe upepo hadi mafuta safi yatoke kila gurudumu. Msilale chini ya gari linalotegemea jeki peke yake. Liwekwe juu ya stendi imara.

Hapo ndipo betri mpya ifungwe, baada ya kukagua nyaya zilizotafunwa na panya. Plagi zikiwa bado nje na waya wa koili umeondolewa, zungusheni injini kwa stata hadi taa ya oili izimike, ili oili ifike kwenye beringi kabla injini haijabeba mzigo wowote. Ndipo mrudishe plagi na kuiwasha. Baada ya mwendo mfupi wa kwanza, oili imwagwe tena, kwa sababu itakuwa imebeba uchafu wote uliooshwa ndani.

SWALI: Gari langu ni la miaka ya 1960, lilipotumia petroli yenye madini ya risasi. Je, petroli ya leo italiharibu?

JIBU: Mwaka 2021 Algeria iliacha kuuza petroli yenye risasi, ikiwa nchi ya mwisho duniani kufanya hivyo kwa magari ya barabarani, kwa hiyo kuitafuta ile ya zamani si njia. Risasi ilizikinga sehemu ambazo valvu za ekzosi hukalia. Kama silinda hedi yako ni ya chuma na vikalio vimechongwa humo humo, vinaweza kulika polepole, hasa kwa mwendo mrefu wa kasi. Kama ni ya aluminiamu, vikalio vyake ni vya kupachikwa, na kwa kawaida ni vigumu zaidi. Endesha kwa upole, pima nafasi za valvu mara kwa mara, na ukiona zinapungua, mpe fundi avipachike vikalio vigumu.

SWALI: Matairi yangu bado yana kashata nzito. Kwa nini fundi anataka niyatupe?

JIBU: Kwa sababu mpira huzeeka hata usipotembea. Tafuta ubavuni alama ya DOT: tarakimu 4 za mwisho zinaonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa mfano 2315 ni wiki ya 23 ya mwaka 2015. Ukikuta tarakimu 3 tu, tairi hilo ni la kabla ya mwaka 2000. Watengenezaji wengi hushauri tairi lisitumike baada ya miaka 10, hata kama kashata zake ni nzima, na ushauri huo unalihusu pia tairi la akiba.