Mwanangu, kuhusu wivu wa Akila

Mwanangu,

Sura tatu za riwaya yako nimezisoma, ya pili nimeirudia. Unauliza kama utakuwa umekosea ukimfanya Akila, yule mshona hema wa Agano Jipya, amwonee wivu mkewe na mshonaji mwenzake Prisila, maana Biblia haisemi. Biblia haisemi mengi. Haisemi hata nani alipika Paulo alipokaribishwa kwao Korintho.

Kwanza nikurekebishie karakana yako. Umewakalisha hao wawili wakitazamana, hema katikati. Hapana. Turubai zito likiwa mezani mnakaa upande mmoja, huyu anasukuma, yule anavuta. Nakwambia tangu ukiwa mdogo: watu wanaoshona pamoja hawahitaji kutazamana. Marehemu mama yako alikuwa ananyoosha mkono bila kuinua macho, nami naweka kipande cha nta kiganjani mwake, apitishe uzi. Hakuwahi kukiomba. Ukitafuta mapenzi ya kuwapa watu wako, anzia hapo, na ile mbalamwezi ipunguze.

Ulichopatia ni safari zao. Akila ni mtu wa Ponto, huko Bahari Nyeusi, kwa hiyo hata Rumi alikuwa mgeni. Kaisari Klaudio akaamuru Wayahudi watoke Rumi, mwaka 49 hivi kama ulivyoandika, wakatoka wote wawili. Korintho wako pamoja. Efeso wako pamoja, na kanisa linakutana nyumbani kwao. Paulo anapowaandikia Warumi, wamesharudi Rumi, na kanisa liko nyumbani kwao tena. Agano Jipya limewataja mara sita, na hakuna hata mara moja mmoja ametajwa bila mwenzake. Mara nne jina la Prisila linatangulia. Hesabu hiyo niliifanya usiku mmoja nikiwa nimekosa usingizi, na nadhani unajua usiku gani.

Lile igizo. Wewe ulikaa benchi la mbele na gauni la njano. Mama yako alikuwa Prisila, mimi Akila, na kijana wa kwaya alikuwa Apolo, yule mhubiri anayechukuliwa nao pembeni Efeso na kuelezwa njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Mama yako alikuwa na mistari kumi na minne. Mimi mitatu. Mazoezi ya mwisho, Jumamosi, mzee mmoja wa kanisa akasimama akasema haifai mwanamke amfundishe mwanamume mbele ya madhabahu, hata kwa kuigiza. Mistari apewe Akila. Wote wakanigeukia. Nikapokea karatasi.

Nilijiambia nalinda amani ya kanisa. Na amani ni kitu kikubwa, usinicheke, wewe hukuwapo kwenye vikao vile. Lakini amani gani hiyo? Nilipoanza kuisoma ile mistari kwa sauti, nilifurahi. Kidogo, lakini nilifurahi. Miaka yote nimekuwa nikijilaumu kwa kunyamaza, na kumbe kunyamaza ndiyo ilikuwa sehemu nyepesi.

Jumapili nikaisema yote kumi na saba. Vigelegele vikapigwa. Mama yako alisimama kando na kitambaa chake cha hema, akishona kwa sindano isiyo na uzi. Jumatatu tukafungua karakana kama kawaida. Hakunyoosha mkono. Aliinuka, akaizunguka meza nzima, akaichukua nta mwenyewe.

Sasa unaniuliza habari za Akila. Nikisema alikuwa na wivu, namtwika dhambi yangu mtu ambaye Paulo anasema yeye na mkewe walihatarisha shingo zao kwa ajili yake. Nikisema hakuwa nao, namfanya malaika, na malaika hawana sugu vidoleni. Pengine ni yeye aliyemwambia Luka, mwandishi wa Matendo ya Mitume, "Andika jina la mke wangu kwanza." Pengine alimwambia baada ya kukosea mahali fulani. Basi, naanza kukuandikia kitabu. Jibu ninalo, liko hapa kwenye ncha ya kalamu, ila kitabu ni chako.

Sura ya nne ukiimaliza nitumie mimi kabla ya mtu mwingine yeyote. Na ukija Krismasi fungua droo ya cherehani yake. Ile nta bado ipo, na mifereji ya uzi wake bado inaonekana.

Baba yako