Hisa hamsini kwa hamsini? Fikirieni kwanza mlango wa kutokea

Hapa Mafinga ndivyo inavyokwenda: mmoja ana shamba la misindano, mwenzake ana mtaji au ding'dong, mashine ya kuchana mbao, basi wanakwenda BRELA, wakala wa kusajili makampuni, na kugawana hisa nusu kwa nusu. Wote wanaona wametendeana haki. Mimi huo mgawanyo ndio ninaouogopa kuliko deni la benki, maana siku mkigombana hakuna kura inayoshinda. Tulipofarakana na mwenzangu, hata kubadilisha watia saini wa akaunti kulishindikana, na magogo yakakaa uwanjani mpaka yakapiga bluu, ule ukungu unaoharibu rangi ya mbao.

Alinishitaki kuhusu fedha za mauzo, nami nikapeleka maombi Mahakama Kuu Iringa. Sheria ya Makampuni ya 2002, kifungu cha 233, inamruhusu mwanahisa anayeonewa kuomba nafuu, hata mwenzake aamriwe kununua hisa zake. Sawa, lakini kwa bei gani? Hapo ndipo mawakili walipopata ulaji. Kila kesi ilipotajwa na kuahirishwa, wanunuzi wa mbao nao walihamia kwa jirani, na kampuni tuliyokuwa tunaigombania ikazidi kusinyaa.

Mwaka 2017 serikali ilipozuia makinikia (mchanga wa madini) kusafirishwa nje, hisa za Acacia, kampuni ya kuchimba dhahabu, ziliporomoka vibaya kwenye soko la hisa la London. Hata hivyo mwenye hisa aliyechoka aliweza kumpigia dalali wake na kuuza siku hiyohiyo, kwa hasara lakini akatoka. Mwaka 2019 Barrick, mwanahisa wake mkubwa, ikawanunua wanahisa wadogo waliobaki. Hisa za kampuni ya watu wawili hapa Mafinga hazina soko hilo. Mnunuzi wako ni mmoja tu, naye ndiye mnayeshitakiana.

Kwa hiyo andikeni bei kabla ya ugomvi, mngali mnakunywa chai pamoja. Si tarakimu, bali namna ya kuipata: mkaguzi gani wa hesabu atathamini, kwa hesabu za mwaka upi, na anayebaki atamlipa anayeondoka kwa awamu ngapi. Mpeni mtu wa tatu asilimia mbili ili kura isigandane, ila asiwe mjomba wa mmoja wenu (nimeyaona hayo pia). Wekeni na kifungu cha usuluhishi. Mkifanya ubia bila kampuni wala maandishi, sheria itawahesabia faida na hasara sawa kwa sawa, hata kama mmoja alileta shamba zima na mwingine alileta simu.

La benki wengi hulisahau. Kuuza hisa zako hakukuondoi kwenye udhamini wa mkopo uliousaini kwa jina lako. Hati ya nyumba yako itabaki kabatini kwao mpaka wakuachilie kwa maandishi, kwa hiyo barua hiyo iwe mkononi kabla hujasaini fomu ya kuhamisha hisa.