Mzee mwenye fremu amefariki, karatasi yake bado ina nguvu?

SWALI: Wakili, shikamoo. Nina fremu ya kushonea nguo Tandika, mkataba wa miaka 3, kodi 250,000 kwa mwezi. Niliweka mlango wa chuma na sakafu kwa 600,000 zangu. Mzee mwenye nyumba akachana karatasi ya daftari, akaandika: "Mama Shani atoe laki mbili hadi hela yake irudi," akasaini. Nililipa hivyo miezi 5, mzee akafariki. Sasa mwanawe ananidai 250,000, anasema yeye hakuandikiana na mtu. Nifanyeje?
Mama Shani, Tandika

JIBU: Marahaba, Mama Shani. Poleni na msiba. Usilipe hiyo laki mbili na nusu.

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inawaruhusu waliofunga mkataba kuubadilisha wakikubaliana. Wewe ulitoa mlango na sakafu, mzee akatoa punguzo, kwa hiyo si zawadi aliyokupa. Mambo ya ardhi na nyumba yanataka maandishi yenye saini ya yule anayedaiwa, nayo unayo. Ahadi ya marehemu inawabana wanaosimamia mali yake, isipokuwa mkataba wenyewe uwe umesema vinginevyo. Muulize kijana kwa adabu: msimamizi wa mirathi ni nani? Kama mahakama haijamteua yeye, hana mamlaka ya kukudai.

Kinachonitia wasiwasi ni maneno ya karatasi. "Hela yake" ni shilingi ngapi? Inahusu mkataba wa lini? Niliwahi kuwa na mteja wa Buguruni mwenye karatasi kama yako, saini safi kabisa, lakini alipanga fremu 2 kwa mtu mmoja na karatasi haikutaja ipi. Tulihangaika nayo miezi, na iliniuma, kwa sababu mstari mmoja ungetosha.

Kwa hiyo tafuta risiti za fundi wa kuchomelea na ujumbe wa simu wa malipo yale 5 ambayo mzee alipokea bila kulalamika. Hakikisha mkataba mkuu, ule wa miaka 3, umelipiwa ushuru wa stempu, yaani kodi ya serikali kwenye hati, maana usipolipiwa, mahakama haiupokei hadi ulipe pamoja na adhabu.

Kisha andikianeni upya na msimamizi: tarehe ya mkataba mkuu, 600,000 zilizotumika, 250,000 zilizokwisharudi (punguzo la 50,000 kwa miezi 5), 350,000 zilizobaki kwa miezi 7, na kwamba masharti mengine yanabaki yalivyo. Msaini wote wawili, kila ukurasa, mbele ya mashahidi. Karatasi ya mzee ibaki kwako. Kijana mpe kopi.