Jukwaani, Sikiliza Kwanza

Niliingia darasa la maigizo chuoni nikiamini kwamba mwigizaji hodari ni yule anayeweza kutoa machozi ya kweli. Zoezi letu la kwanza lilikuwa kipande cha mtu mmoja, dakika mbili. Nikachagua mama anayeagana na mwanawe anayekwenda vitani. Nilisimama mbele ya wenzangu, nikayakumbuka mambo yote ya huzuni niliyowahi kuyaona, na machozi yakaja. Nilipomaliza, mwalimu alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza: "Huyu mama alikuwa anataka nini kwa mwanawe?"

Sikuwa na jibu.

Kama unaanza darasa la maigizo muhula huu, nakuomba uanze na swali hilo. Kabla hujakariri hata sentensi moja, chukua penseli (penseli, maana utafuta mara nyingi) uandike pembeni mwa kila onyesho kile mhusika wako anachokitaka kwa mtu aliye mbele yake. Kiandike kama jambo linaloweza kufanikiwa au kushindikana. Ukiandika "ana huzuni" hujapata cha kufanya, kwa kuwa huzuni haitendeki. Lakini "anataka mwanawe akose gari" inatendeka: unaweza kumchelewesha, kumbembeleza, kumkumbusha ahadi, kumfunga kifungo cha shati ambacho tayari kimefungwa. Niliporudia kipande kile wiki iliyofuata nikiwa na lengo hilo, nilichokigundua kwanza ni mikono yangu. Haikuning'inia tena. Ilikuwa na kazi. Karibu kila anayeanza huuliza mikono aiweke wapi, nami nimekuja kuamini kwamba swali hilo huisha lenyewe pindi mwili unapopata shughuli.

Konstantin Stanislavski, Mrusi aliyezaliwa mwaka 1863, ambaye mwaka 1898 alianzisha jumba la maigizo mjini Moscow pamoja na Vladimir Nemirovich-Danchenko, alihangaika na tatizo hili kwa miaka mingi. Hisia haziji kwa kuamriwa. Jana zilikuja, leo hazipo, na watazamaji wa leo wamekwisha kukaa. Katika miaka ya 1930, karibu na mwisho wa maisha yake, alizidi kuvitegemea vitendo vya mwili, kwa sababu kitendo unaweza kukirudia kila usiku, na mara nyingi hisia hukifuata. Alisisitiza pia kuzijua hali anazoishi mhusika: ni saa ngapi, ametoka wapi, nani yuko chumba cha pili, kuna baridi au joto. Ukishazijua, unajiuliza: lau ningekuwa katika hali hii, ningefanya nini? Naona lugha yetu imebarikiwa hapa. Tuna "lau", tuna "-nge-", na mwigizaji anaweza kuishi humo mchana kutwa.

Hata hivyo, somo lililonibadilisha kuliko yote lilitokana na zoezi ambalo mwanzoni niliona ni la kitoto. Watu wawili wanakaa wakitazamana. Mmoja anataja jambo analoliona kwa mwenzake: "Umevaa shati la bluu." Mwenzake anarudia: "Nimevaa shati la bluu." "Umevaa shati la bluu." "Nimevaa shati la bluu." Mnaendelea hivyo, na maneno hayabadiliki mpaka kitu cha kweli kibadilike kati yenu. Aliyelibuni ni Sanford Meisner, mwalimu wa uigizaji wa Marekani. Mwanzoni unasikia maneno tu. Baada ya dakika chache unaanza kusikia kwamba mwenzako amechoka, au ameudhika kidogo, au amefurahi ulivyomtazama, na sauti yako inamjibu kabla hujaipangia la kufanya. Hapo nikatambua kwamba miezi yote ile sikuwa nimemsikiliza mtu yeyote jukwaani. Nilikuwa nasubiri zamu yangu ya kusema.

Kutambua jambo ni rahisi kuliko kuliacha. Katika mchezo wetu wa kufunga muhula, mwenzangu aliruka sentensi nne. Neno nililokuwa nalisubiri ili niingie halikuja. Nikasimama pale labda sekunde kumi, nikilitafuta lile neno, ilhali yeye alikuwa ameniuliza swali lililo wazi kabisa na jibu lake nilikuwa nalo katika maneno niliyoyakariri. Laiti ningalimsikiliza, ningalimjibu. Sekunde zile bado zinaniuma, kwa sababu mwenzangu alibaki peke yake jukwaani na mimi nipo.

Tangu siku hiyo nakariri kwa namna nyingine. Maneno ya mwenzangu nayakariri pamoja na yangu. Nayakariri makavu, bila kuyapamba, ili wakati wa mazoezi sauti yangu iamuliwe na ninachokisikia. Ukikariri maneno pamoja na mapambo yake, utakuja kuyasema vilevile hata mwenzako akibadilika kabisa, na watazamaji wanaliona hilo upesi. Tena nakariri nikitembea, nikifua, nikifagia. Maneno yaliyokaririwa kitini yana tabia ya kukimbia mwili unaposimama.

Sauti nayo haitaki haraka. Lala chali, weka kitabu juu ya tumbo, vuta pumzi mpaka kitabu kipande huku mabega yametulia. Unachokizoeza ni kiwambo, ule msuli mpana ulio chini ya mapafu. Anayetafuta sauti kubwa kwa kukaza koo huikwaruza sauti yake mapema, na mtu wa safu ya mwisho bado hamwelewi. Fanya zoezi hilo kila siku kwa dakika kumi. Ukiliacha hadi wiki ya mchezo, umechelewa.

Kuna jambo la matamshi ambalo sikulisoma popote, nililipata kwa kuwasikiliza wenzangu nikiwa nimekaa nyuma kabisa ya ukumbi. Vitenzi vyetu hubeba mzigo mzito mwanzoni mwa neno. Alikuja, hakuja, angekuja: mwili wa neno ni uleule, na habari yote imo katika silabi zile ndogo za mbele. Mwigizaji mwenye wasiwasi huzimeza, na aliyekaa mbali hajui kama mtu alikuja au hakuja. Mwishoni nako kuna hatari yake. Mkazo wetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo ile ya mwisho hulegea na pumzi hukatika juu yake. "Njoo" na "njooni" hutofautiana kwa silabi moja tu, nayo inaweza kuwa ndiyo inayowaambia watazamaji kwamba kuna watu zaidi ya mmoja mlangoni. Somea rafiki maneno yako akiwa mbali, umwombe ainue mkono kila silabi inapompotea. Utashangaa mkono unavyopanda.

Kuhusu kusimama na kutembea jukwaani, mengi utayapata darasani. Kulia na kushoto ni vya mwigizaji anayewatazama watazamaji. Katika majumba mengi ya zamani ya Ulaya sakafu ya jukwaa iliinamia upande wa watazamaji, na ndiyo maana hata leo Waingereza huita sehemu iliyo mbali na watu "juu" na iliyo karibu "chini". Sisi tukisema "nyuma ya jukwaa" tunaweza kumaanisha sehemu hiyo ya mbali au chumba kilicho nyuma ya pazia, basi siku ya kwanza kubalianeni na mwongozaji neno lipi ni la wapi. Uangalie pia usirudi nyuma hatua kwa hatua wakati mwenzako anazungumza nawe. Kila hatua unayorudi inamlazimisha akugeukie, mwishowe anawapa watu mgongo, na maneno yake yanaishia ukutani.

Mwongozaji akikupa maoni baada ya mazoezi, yaandike, shukuru, yajaribu kesho. Nilipoteza muda mwingi nikieleza kwa nini nilifanya nilivyofanya, na muda ule ungetosha kulirudia onyesho zima.

Siku hizi nikiwa na zamu ya kuingia, nasimama kando ya pazia mapema na kulisikiliza onyesho linalotangulia, ingawa nalijua neno kwa neno. Wakati mwingine mwenzangu amechoka na sauti yake imeshuka kuliko jana. Wakati mwingine watu wamecheka mahali tusipopatarajia, naye amechangamka. Pazia linapofunguka ninakuwa nimekwisha kujua ni nani ninayekwenda kukutana naye.