Re: Kwa nini Chianti ya Brolio haitiwi tena zabibu nyeupe?

Mkuu, kuelewa Chianti, mvinyo mwekundu wa Toscana, Italia, anzia kwenye barua ya 1872. Bettino Ricasoli, mwenye kasri la Brolio (ukoo wake uko pale tangu 1141) na waziri mkuu wa Italia mara mbili, alieleza mchanganyiko wake hivi: zabibu nyekundu ya Sangiovese itoe harufu na nguvu, nyekundu nyingine, Canaiolo, ipunguze ukali, na Malvasia, ambayo ni nyeupe, itiwe kwenye mvinyo wa kunywewa mapema tu. Mvinyo wa kuwekwa miaka usitiwe Malvasia. Sharti hilo ndilo lililopuuzwa. Kanuni za Chianti za 1967 zikalazimisha zabibu nyeupe asilimia 10 hadi 30, mvinyo ukawa mwepesi na kupauka mapema. Chianti Classico, eneo la asili la Chianti ambalo Brolio imo, ilipiga marufuku zabibu nyeupe kuanzia mavuno ya 2006. Sangiovese sasa ni angalau asilimia 80.

Kuhusu “governo” uliyoitaja, yaani mbinu ya kale ya Toscana ya kuchachusha mvinyo mara ya pili: zabibu huanikwa wiki kadhaa, hupondwa, kisha humiminwa kwenye mvinyo uliokwisha kuchacha. Sukari yake huamsha hamira upya na mvinyo hulainika. Lakini chambua vichala kila mara, maana kuvu huharibu pipa zima. Ghala likiwa baridi mno, hamira hulala, sukari hubaki, na mvinyo huelekea siki.