Andiko langu la utafiti limekataliwa mara mbili

SWALI: Mimi ni mhadhiri msaidizi wa uchumi katika chuo kimoja hapa Morogoro, na nilihitimu shahada ya uzamili mwaka juzi. Nimeomba ufadhili wa utafiti mara mbili kwa andiko linalohusu mchango wa sera za kibajeti katika ukuaji wa uchumi wa Tanzania, na mara zote nimekataliwa bila maelezo. Je, kinachoniangusha ni kukosa shahada ya uzamivu?

JIBU: Ndugu msomaji, inategemea mlango uliobisha. UNU-WIDER ya Helsinki, taasisi ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa inayotafiti uchumi wa maendeleo, kwa mfano, huwakaribisha kwa miezi mitatu wanafunzi ambao tayari wamesajiliwa kwa masomo ya uzamivu, kwa hiyo hapo itakubidi usubiri. Nairobi kuna AERC, jumuiya ya utafiti wa uchumi Afrika iliyoanzishwa mwaka 1988, ambako mtafiti hutetea andiko lake mbele ya watafiti wenzake na wataalamu waalikwa katika warsha za mara mbili kwa mwaka, kisha hurudi na matokeo ya awali na hatimaye ripoti kamili. Kukosolewa mbele ya watu kunauma, lakini angalau utaambiwa kosa lako, jambo ambalo barua zako mbili hazikufanya.

Hata hivyo, mimi naitilia shaka mada yenyewe kuliko shahada yako. Umebeba nchi nzima na bajeti nzima kwa mpigo, na mhakiki akimaliza kusoma bado hajui utapima nini. Chukua badala yake tozo za miamala ya simu, zilizoanza Julai 2021 kwa viwango vya kati ya shilingi 10 na 10,000 kulingana na kiasi kinachotumwa, zikapunguzwa kwa asilimia 30 Septemba mwaka huohuo. Hapo una mabadiliko mawili yenye tarehe, na unaweza kuuliza iwapo watumaji walianza kuigawa fedha yao vipande vipande ili waangukie daraja la chini, au waliacha simu wakarudia kumpa dereva wa basi bahasha. Swali la namna hiyo linajibika.

Sharti moja ni takwimu. Za miamala ya mteja mmoja mmoja ziko mikononi mwa kampuni za simu, na usiziahidi katika andiko kabla hujapata ruhusa ya maandishi, ambayo utaiambatanisha. Ukinyimwa, badili swali mapema. Ipo TAZMOD, modeli ya kodi na mafao ya Tanzania inayotumia takwimu za mapato na matumizi ya kaya, ambayo watafiti huipata bila malipo kwa kuiomba UNU-WIDER. Kwa modeli hiyo unaweza kukokotoa, ukiwa hapohapo Morogoro, kaya zipi zingeumia zaidi iwapo kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ingetolewa asilimia 18 na kurejeshwa 20, kama ilivyokuwa kabla ya mwaka 2009. Kokotoa jedwali moja tu la awali na uliweke katika ukurasa wa pili wa andiko lako la tatu.